Kabla ya Tone la Kwanza

Paka akifumba jicho moja huku la pili liko wazi, lile alilolifumba linamuuma. Jambo hilo lishikwe mapema, maana wengi wetu hutazama rangi kwanza: wekundu, tongotongo, machozi yaliyokauka pembeni mwa pua. Rangi hudanganya. Jicho jekundu sana laweza kuwa na mafua ya kupita, na lenye wekundu kidogo tu laweza kuwa na kidonda kinachokaribia kutoboka. Kufumba ni ushahidi mzito zaidi, kwa sababu paka huficha maumivu yake mpaka yamshinde.

Kinachofuata katika nyumba nyingi kinajulikana. Mtu hufungua kabati, akatoa kichupa cha dawa ya matone kilichobaki tangu mtoto alipougua macho mekundu, akamkamata paka, akamtia tone. Mara nyingine paka hupona. Mara nyingine, siku ya tatu, jicho zima limeingia ukungu wa buluu na paka amejificha uvunguni. Kichupa ni kilekile. Kilichotofautiana ni tabaka la jicho lililoumia, na tabaka hilo halisomeki kwenye lebo ya dawa. Ni lazima kwanza tujue jicho limejengwaje.

Tuanze na ukubwa wake. Paka wa kilo 4 ana jicho lenye kipenyo cha zaidi kidogo ya sentimita 2. Mtu mzima, pamoja na kilo zake zote, ana la sentimita 2.4 hivi. Halafu tazama kinachoonekana kati ya kope. Kwa binadamu utaona weupe mwingi pande zote mbili. Kwa paka weupe hauonekani ila ukimvuta kope. Karibu sehemu yote iliyo wazi ni konea, yaani ule utando angavu wa mbele unaopitisha mwanga. Konea pana humwingizia mwindaji wa usiku mwanga mwingi, lakini pia humpa ukucha wa paka mwenzake, au ncha ya jani kavu, mahali papana pa kutua.

Sasa swali ambalo huulizwa na wachache. Konea ni nyama hai: ina seli, ina protini, ina maji. Ngozi ya sikio la paka ina hayo yote pia, na huwezi kusoma gazeti kupitia kwayo. Kwa nini konea ipitishe mwanga?

Sababu ya kwanza ni rahisi: haina mishipa ya damu. Ya pili iko katika mpangilio. Sehemu kubwa ya unene wa konea, kama asilimia 90, ni tabaka la kati lililojaa nyuzi za kolajeni, protini ileile inayoipa ngozi uimara. Katika ngozi nyuzi hizo zimesokotana ovyo. Katika konea zimelazwa kama ukindu wa mkeka uliosukwa na fundi: unene sawa, nafasi sawa, safu juu ya safu. Mwaka 1957 mwanafiziolojia David Maurice alionyesha kwa hesabu kwamba nyuzi nyembamba zilizopangwa hivyo hufuta zenyewe kwa zenyewe mwanga unaotawanyika pembeni, na mwanga unaokwenda mbele ndio unaobaki. Ukivuruga nafasi kati ya nyuzi, uangavu unapotea.

Na kitu kinachoweza kuivuruga kwa wepesi kuliko vyote ni maji. Tabaka lile la kati lina kiu isiyokwisha. Likiachwa lijinywee, linavimba, nyuzi zinaachana, mwanga unatawanyika, nasi tunaona ukungu wa buluu au weupe. Kwa hiyo jicho limeweka walinzi wawili. Mbele kuna seli zilizobanana, zenye ngozi ya mafuta isiyopitisha maji ya machozi. Nyuma kuna safu moja tu ya seli zinazosukuma maji kuyatoa kwenye konea usiku na mchana, bila kupumzika. Paka akiona vizuri leo asubuhi, ni kwa sababu pampu hizo zilifanya kazi usiku kucha.

Hapo ndipo mengi yanapofunguka. Ukungu kwenye konea ya paka ni habari kuhusu maji: mlinzi mmoja ameshindwa, wa mbele au wa nyuma. Watu wengi wakiona weupe husema ni mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho hukaa kwenye lenzi, ndani kabisa nyuma ya mboni, na kwa paka si ugonjwa wa kila siku. Kuna njia ya kupambanua ukiwa nyumbani. Ingia na paka chumba chenye giza kiasi, mwangazie tochi ndogo kutoka ubavuni, si usoni moja kwa moja. Ukungu ukiifunika ile sehemu ya rangi, ya manjano au ya kijani, uko kwenye konea. Ukikaa ndani ya tundu jeusi la mboni peke yake, uko kwenye lenzi. Wa kwanza waweza kuwa wa dharura. Wa pili kwa kawaida unasubiri miadi.

Konea isiyo na damu hulipa gharama yake. Hewa huipata kupitia machozi, na chakula hukipata hasa kutoka kwa maji yaliyo ndani ya jicho. Askari wa mwili, wale wanaosafiri kwenye damu kupambana na vijidudu, wako mbali. Wakati wanafika, bakteria wameshatangulia. Ndiyo maana jicho lililojaa neva za maumivu kiasi kile si ukatili wa maumbile. Maumivu ndiyo kengele pekee inayolia kwa wakati, na kope inayofumba ndiyo bandeji iliyo karibu.

Machozi nayo yana tabaka zake: ute unaoshika konea, maji katikati, na mafuta juu yanayozuia maji yasikauke. Kila paka anapopepesa, machozi mapya husambazwa na ya zamani huingia kwenye vitundu viwili vidogo karibu na pua, yakateremka kwa mfereji mwembamba mpaka puani. Paka wa uso bapa, kama wa Kiajemi, mfereji wao umepindwa na umbo la uso, hivyo machozi hufurika na kuacha michirizi ya kahawia. Michirizi hiyo peke yake si ugonjwa. Ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, basi.

Tuseme sasa ukucha umekwangua. Mlinzi wa mbele ametobolewa. Maji ya machozi yanaingia kwenye tabaka lenye kiu, ukungu unatokea kuzunguka jeraha, neva zilizoachwa wazi zinawaka, paka anafumba. Kidonda kidogo cha juujuu, kisicho na vijidudu, hujifunga chenyewe ndani ya wiki moja hivi: seli za pembeni huteleza na kufunika pengo. Tatizo ni kwamba kwa macho makavu huwezi kuona kidonda kina kina gani, wala pengine huwezi kukiona kabisa.

Daktari wa mifugo ana kifaa cha bei ndogo kinachokionyesha, na inapendeza kukitazama kikifanya kazi. Ni kijikaratasi chenye rangi ya chungwa kinachoitwa fluoresini, rangi iliyotengenezwa mara ya kwanza na mkemia wa Kijerumani Adolf von Baeyer mwaka 1871. Hukiloanisha, akagusa upande wa ndani wa kope, akamwacha paka apepese, kisha akaosha jicho. Taa inazimwa, tochi ya buluu inawashwa. Rangi hiyo inapenda maji na inakataliwa na mafuta. Seli nzima za mbele, zenye ngozi ya mafuta, haziishiki na inaoshwa. Palipochubuka inazama kwenye tabaka la kati, na kidonda kinawaka kijani kibichi: mstari mmoja uliochongwa na ukucha, au matawi membamba yanayogawanyika yakagawanyika tena. Matawi hayo nitayarudia. Baada ya dakika chache kijani hutokea pia kwenye tundu la pua, na daktari anajua bila kuuliza kwamba mfereji wa machozi umefunguka.

Kuna picha moja inayomfanya daktari aache mzaha: duara la kijani lenye kitovu cheusi. Kitovu hakikushika rangi, lakini si kwa uzima. Kidonda kimelila tabaka la kati lote na kufika kwenye utando wa mwisho, mwembamba sana, ambao haunywi rangi. Nyuma yake ni maji ya jicho. Paka huyo asisubiri kesho, na asibanwe shingo wala kuvutwa kichwa njiani.

Sasa turudi kwenye kile kichupa cha kabatini. Dawa nyingi za macho zinazouzwa madukani ni mchanganyiko wa kiuavijasumu na steroidi. Soma majina kwa uangalifu: deksamethasoni, betamethasoni, prednisoloni, hidrokotisoni. Kama jina linamalizikia hivyo, ni steroidi. Kazi yake ni kutuliza uvimbe, na hufanya hivyo kwa kuwatuliza wale askari na kuzichelewesha zile seli zinazoteleza kufunga pengo. Jicho lenye wekundu tu, konea nzima, huwa jeupe siku ya pili na mwenye paka husifu dawa. Jicho lenye kidonda pia hupungua wekundu siku ya pili, ndiyo hatari yake, huku kidonda kikichimba chini na vimeng'enya vikiyeyusha kolajeni. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia ya kawaida ambayo mtu mwenye huruma humpofusha paka wake. Bila kipimo cha kijani, tone la steroidi lisiingie.

Matawi yale ya kijani ni alama ya kidole ya virusi vya herpesi vya paka. Vilitambuliwa Marekani mwaka 1958, na duniani kote ni miongoni mwa vinavyoongoza kwa kusababisha mafua ya paka: chafya, makamasi, macho yaliyogandana. Binadamu haviwezi kumpata. Virusi hivi vinapenda seli za juu za konea na za utando wa ndani wa kope, vikizipasua moja baada ya nyingine, ndipo yale matawi. Vikishamaliza havitoki mwilini. Hupanda kwa neva ya hisia za uso mpaka kwenye fundo lake ndani ya fuvu, vikalala humo. Inakadiriwa paka 8 kati ya kila 10 walioambukizwa hubaki navyo maisha yote.

Kinachoviamsha ni msukosuko: kuhama nyumba, paka mgeni, kuzaa na kunyonyesha, au sindano ya steroidi aliyopewa kwa ajili ya ngozi. Mara nyingi huchukua kama wiki moja tangu msukosuko mpaka virusi vianze kutoka tena, na kwa sababu hiyo mwenye paka huwa hauunganishi wageni wa sikukuu na jicho linalochuruzika siku kadhaa baada ya wageni kuondoka. Vidonge vya herpesi vya binadamu visijaribiwe; asikloviri ni sumu kwa paka, na ndugu yake valasikloviri huua. Ipo dawa inayomfaa, famsikloviri, lakini kipimo chake ni cha daktari. Chanjo haizuii maambukizi kabisa ila hupunguza makali. Huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, ikarudiwa mpaka afikishe wiki 16, kwa kuwa kinga aliyonyonya kwa mama huizuia chanjo ya mapema isishike.

Watoto wa paka ndio wanaoteseka zaidi. Macho yao hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Mama akiwa na virusi, au uchafu ukiingia, usaha hujikusanya nyuma ya kope ambazo bado zimefungamana, na utaona jicho limetuna. Hapo si pa kungoja siku ya kufunguka itimie. Chukua pamba safi, ichovye maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, uiweke juu ya kope dakika kadhaa mpaka ukoko ulainike. Kisha pitisha kidole taratibu kutoka pembe ya puani kwenda nje, ukizitenganisha kope bila kutumia kucha wala kuvuta kwa nguvu. Ufa mdogo ukitokea, usaha wa manjano, mzito, hutoka wenyewe. Osha, rudia, tumia pamba mpya kwa kila jicho. Baada ya hapo anahitaji dawa ya daktari siku hiyohiyo. Usaha ukiachwa huweza kuitoboa konea, au kope ikashikana nayo moja kwa moja. Nimewaona paka wazima wakitembea sokoni na alama hizo, jicho moja limegeuka utando.

Klamidia ya paka nayo huja na macho mekundu, utando wa ndani wa kope ukavimba mpaka ukatokeza nje. Mara nyingi huanza jicho moja, siku chache baadaye la pili. Bakteria hao huishi ndani ya seli za paka, kwa hiyo matone peke yake hayatoshi; doksisiklini ya kumeza huendelea kwa wiki 4 au zaidi, na paka wote wa nyumba hutibiwa pamoja. Nawa mikono.

Maji ya kuoshea yanahitaji neno. Maji matupu huzivimbisha seli, kwa sababu machozi yana chumvi kiasi sawa na damu, na maji hukimbilia palipo na chumvi. Nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, pamoja na kijiko cha chai cha chumvi kisichojaa kabisa, hukaribia kiasi hicho. Tengeneza mapya kila siku. Chai, maziwa, mkojo na majani yaliyosagwa ni chakula cha bakteria, hata kama bibi aliviamini. Ukimtia matone, mkalishe paka akitazama mbali nawe, kiganja chini ya kidevu, kichupa kije kutoka nyuma ya kichwa asikione. Tone moja tu: jicho halina nafasi ya la pili, na lile la pili huosha la kwanza. Kama dawa ni mbili, ziachanishe dakika 5. Akitoa mapovu mdomoni usishtuke. Ule mfereji umeteremsha dawa chungu mpaka kooni.

Kitu kingine kinachowatisha watu ni utando mweupe unaotoka pembe ya puani na kufunika nusu ya jicho. Ni kope ya tatu. Kwa sehemu kubwa haijivuti yenyewe: msuli ulio nyuma ya jicho ukilivuta jicho ndani, kope hiyo hutelezea mbele. Ikitokea kwenye jicho moja, mara nyingi jicho hilo linauma. Ikitokea kwa yote mawili, tafuta kwingine. Paka anayeharisha, aliyekaukiwa maji au aliyekonda hupoteza ujazo nyuma ya macho, macho yakazama, kope zikapanda. Dawa yake iko tumboni.

Kwetu kuna ajali ambayo vitabu vya Ulaya haviipi nafasi, nayo ni mate ya swila. Paka hawezi kumwacha nyoka apite, na swila hulenga uso. Sumu ile huunguza seli za mbele za konea papo hapo. Osha kwa maji safi mengi, ya bomba au ya mtungi, dakika 15 bila kukoma. Hapa usitafute chumvi, maana kila dakika sumu inazama. Kisha ndipo kwa daktari, na kipimo cha kijani.

Mpaka hapa tumekaa mbele ya jicho. Nyuma kuna retina, na nyuma ya retina kuna tabaka linalorudisha mwanga, lile linalong'aa usiku gari likimpitia paka barabarani. Upofu wa huku nyuma hauna wekundu, hauna tongotongo, wala paka hafumbi. Mwaka 1975 K. C. Hayes na wenzake waliripoti katika jarida la Science kwamba paka waliolishwa protini ya maziwa peke yake retina zao ziliharibika, kwa sababu ya kukosa taurini. Mbwa na binadamu huitengeneza mwilini. Paka hutengeneza kidogo mno, ni lazima ale nyama au samaki. Paka wa ugali na maziwa yuko hatarini, na anayelishwa chakula cha mbwa vilevile. Paka wa dagaa yuko salama zaidi, ila taurini huyeyuka kwenye maji: ukichemsha dagaa ukamwaga supu, umemwaga na taurini. Mpe na mchuzi wake, kabla hujatia chumvi na kitunguu.

Kisha iko dawa ya kuku. Kwenye maduka ya dawa za mifugo huuzwa kiuavijasumu cha maji ambacho lebo yake huandikwa enrofloxacin, na wafugaji hukiamini kwa haki. Kwa paka kipimo kikizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, retina yaweza kufa. Wanyama wengi wana protini inayokitoa kiuavijasumu hicho kwenye retina. Ya paka ina kasoro ya kurithi, hivyo dawa hujikusanya humo na mwanga wenyewe huigeuza kuwa sumu. Chupa ya kuku ina dawa nzito, na tone la kukisia ni kubwa.

Kwa paka mzee, wa miaka 10 na zaidi, sababu ya kawaida ya kupofuka ghafla ni shinikizo la damu, mara nyingi likitokana na figo au tezi ya shingo. Mboni zinabaki pana mchana kweupe, anagonga miguu ya meza aliyoizoea. Retina imebanduka. Hutibiwa kwa amlodipini, dawa ambayo babu pengine anaimeza pia, lakini kipimo cha paka ni kipande kidogo sana cha kidonge na daktari ndiye akikate. Akifikishwa ndani ya siku chache, uoni kidogo huweza kurudi.

Asipoona tena, ataishi. Masharubu na masikio yatashika kazi, na baada ya majuma machache mgeni hatagundua. Bakuli la chakula lisihamishwe, kisima kifunikwe, na asiachwe atoke nje usiku.